Kidole Kwenye Ukingo wa Meza

Meneja alisimamisha picha, akagusa kioo cha skrini kwa ukucha wake mwekundu, na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu: "Hicho kidole kinasema nini?"

Dada Macho aliinama mbele kana kwamba haoni vizuri. Hakuwa na haja ya kuinama. Kidole kile alikifahamu tangu hakijajua kushika kalamu. Kilikuwa kidole cha mkono wa kushoto wa mdogo wake, nacho kilikuwa kinagonga ukingo wa mbao wa meza ya ruleti, taratibu, mara tatu, kabla mkono wa kulia haujarusha gololi.

"Sijui," alisema. "Labda ni mazoea tu."

"Labda," Meneja alisema, akaiacha picha iendelee.

Jina la Dada Macho alipewa na wahudumu wa kasino kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha kamera, chumba kisicho na dirisha, chenye feni inayolalamika, na kuzitazama meza zote kutoka juu kama panya wa darini. Mdogo wake alikuwa chini, mchezeshaji wa meza ya kati, ndani ya kizibao chekundu kilichombana mabegani. Wote walimwita Kitinda. Ndilo jina la nyumbani, la mtoto wa mwisho. Lilimponyoka mwenyewe siku ya kwanza kazini, na tangu hapo hakuna aliyejishughulisha na jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake.

Meneja alirudisha picha nyuma, safari hii akaonyesha upande wa pili wa meza. Hapo alikaa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, mbele yake glasi ya maji yasiyo na barafu. Hakuwahi kuagiza kitu kingine, ndiyo maana aliitwa Mzee wa Maji.

"Huyu anatula," Meneja alisema. "Si kwa pupa. Anatula kama mchwa. Na anatula zamu ya mdogo wako tu. Akiingia mchezeshaji mwingine, anakunja koti, anakwenda zake."

"Gurudumu je? Pengine limeinama."

"Fundi amekuja asubuhi na pimamaji yake. Meza imelala sawa. Gurudumu halina ugonjwa. Sasa mgonjwa ni mtu." Meneja alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake. "Nakupa wewe kazi hii kwa sababu ni dada yake. Mtazame mpaka mwisho wa wiki. Ukimkuta na hatia wewe, atatoka kimyakimya na mshahara wake. Nikimkuta mimi, atatoka na askari. Na usimwambie neno."

Mlango ulipofungwa, Dada Macho alibaki akiutazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa unagonga goti.

Yeye ndiye aliyemfundisha kugonga. Kitinda alizaliwa na ulimi mzito. Akiwa mdogo alikuwa akitumwa dukani kununua sukari, anarudi na chumvi, kwa kuwa neno la kwanza lilimkwama na muuzaji akachoka kungoja. Watoto wenzake walimwita Cherehani. Dada yake alikuwa akimkalisha kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akimshika kiganja, na kumgonga polepole: moja, mbili, tatu, sema. Moja, mbili, tatu, sema. Ilichukua miaka, lakini siku moja Kitinda alikwenda dukani, akagonga meza ya muuzaji, akaomba sukari, akaletewa sukari. Nyumbani mama yao alilia kana kwamba kijana amerudi kutoka vitani.

Kasino haikujua lolote la hayo. Siku ya usaili, Meneja aliwaambia waombaji kwamba mchezeshaji anauza sauti kabla ya kuuza mchezo. Anayemung'unya namba analeta ugomvi mezani. Kitinda aligonga paja lake chini ya meza, akazitaja namba zote bila kujikwaa. Dada Macho, ambaye ndiye aliyempelekea habari za nafasi ile, alinyamaza. Basi sasa akieleza kidole kile ni cha nini, mdogo wake atapoteza meza kwa sababu ya ulimi. Asipoeleza, ataipoteza kwa wizi.

Lakini kilichomnyima raha zaidi ni kingine. Kwa nini Mzee wa Maji alimpenda Kitinda peke yake?

Alianza kutazama.

Ruleti ni mchezo mwepesi kuueleza. Mchezeshaji huzungusha gurudumu upande mmoja, hurusha gololi upande wa pili, na gololi ikichoka huanguka kwenye kijishimo chenye namba. Wachezaji wanaruhusiwa kuweka chipu zao, vile vidonge vya plastiki vinavyosimama badala ya pesa, hata gololi ikiwa inakimbia, mpaka mchezeshaji atamke: "Dau limefungwa." Kati ya kurusha na kufunga kuna nafasi ya pumzi chache tu. Mzee wa Maji aliishi ndani ya nafasi hiyo.

Wengine wote waliweka mapema. Waliweka kwa ndoto, kwa tarehe za kuzaliwa watoto, kwa hasira. Aliyekaa ubavuni mwa mzee karibu kila mchana, mtu mnene aliyeitwa Mwenye Duka, alikuwa na mbinu aliyoihubiri kwa kila mhudumu: akipoteza, dau la pili analifanya mara mbili ya la kwanza, akipoteza tena, anazidisha tena, kwa hesabu kwamba siku haiwezi kuwa mbaya moja kwa moja. Siku ilikuwa inaweza. Dau lilikua mpaka likagonga kikomo cha meza, au mfuko wa Mwenye Duka ukagonga kikomo chake, na hapo anaondoka akiwa mwekundu wa macho. Meneja aliwapenda sana watu wa namna hiyo. "Hao ndio wanaotulipia umeme," alikuwa akisema.

Mzee wa Maji hakuzidisha. Akishinda, dau lile lile. Akipoteza, dau lile lile. Alisubiri gololi irushwe, akaitazama ikizunguka, mara nyingine akatikisa kichwa na kuacha. Asipoacha, mkono ulitoka ndani ya koti na kuweka chipu haraka juu ya namba zilizotawanyika mezani kama mbegu. Ilimchukua Dada Macho mchana mzima kung'amua kuwa hazikutawanyika. Kwenye kitambaa cha meza zilikaa mbalimbali, lakini kwenye gurudumu lenyewe zilikaa ubavu kwa ubavu: sifuri, thelathini na mbili, kumi na tano, kumi na tisa, nne. Mzee hakuwa anachagua namba. Alichagua kipande cha gurudumu.

Hakushinda kila mara. Alishinda mara nyingi kuliko inavyofaa, basi.

Na kidole kiligonga. Mara tatu kabla ya kusema "Wekeni dau". Mara nyingine mara nne. Mara nyingine kikagonga tena baada ya gololi kuanguka, kabla ya kutaja namba ngumu. Dada Macho alianza kulinganisha mapigo ya kidole na matokeo, huku akijiambia anafanya hivyo ili amtoe mdogo wake kwenye lawama. Kitinda alipogonga mara nne, gololi ilianguka karibu na sifuri. Alipogonga mara nne tena, ikaangukia ng'ambo kabisa. Kisha mara nne, karibu na sifuri. Alifumba macho. Alijua kwamba akiendelea kutafuta atapata, hata kama hakuna kitu.

Nyumbani Kitinda alikuwa amenunua viatu vipya, vya ngozi, vyenye harufu ya dukani.

"Vizuri," Dada Macho alisema, akimpakulia chakula. "Vimetoka wapi?"

"Vimetoka kwenye boksi."

"Nakuuliza vizuri."

"Bakshishi, dada. Watu wakishinda wananikumbuka." Alikuwa akiongea haraka kama kila siku akiwa nyumbani, bila kugonga, maneno yakijikwaa na kuinuka bila aibu. "Au umeanza u-upolisi? Huko juu hawakulishi vya kutosha, umekuja kunipekua mimi?"

Mama yao alicheka kutoka kwenye kochi. Dada Macho naye akacheka. Nani anamkumbuka? Mwenye Duka hakuwahi kumkumbuka mtu. Mzee wa Maji ndiye aliyesukuma chipu moja kuelekea kwa mchezeshaji kila alipoinuka. Alikwisha kuona kwenye skrini: chipu inasukumwa, mzee anainamisha kichwa, Kitinda anainamisha chake.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko ya Kitinda. Alisema anakwenda kwa kinyozi. Dada Macho alikuwa na zamu ya mchana, lakini alitoka nyumbani mapema, akajikuta anashika njia aliyopita mdogo wake, upande wa pili wa barabara, mtandio ukiwa umemfunika nusu ya uso. Alijionea haya. Hakurudi.

Kitinda alimpita kinyozi. Akaingia mkahawa mdogo wenye viti vya plastiki, karibu na duka la spea za baiskeli. Kwenye meza ya ndani kabisa, mbele ya glasi ya maji, palikuwa na koti la kijivu.

Mchezeshaji haruhusiwi kukaa na mchezaji, hata kwa chai, hata kwa msiba. Hiyo ni kanuni wanayoisaini siku ya kwanza. Dada Macho alisimama nyuma ya baiskeli zilizoning'inizwa, akawaona wakiongea. Mzee alikuwa akiongea zaidi. Alinyoosha mkono wake juu ya meza na kuupitisha hewani, mviringo, polepole, kama mtu anayepaka rangi. Kitinda aliitikia kwa kichwa. Kisha akaufuatisha mviringo ule kwa mkono wake.

Kama moyo ungekuwa na mlango, wa Dada Macho ungesikika ukifungwa.

Alifika kazini akiwa amekwisha kupanga maneno. Alipanda ngazi mpaka kwenye ofisi ya Meneja, akagonga, akaingia, na maneno aliyoyapanga yakakataa kutoka. Badala yake yalitoka mengine.

"Nataka tumpime," alisema.

"Tumpime vipi?"

"Tuseme mdogo wangu anampa mzee ishara. Ishara inatoka kabla gololi haijarushwa. Kidole kwanza, mkono baadaye. Basi mzee hana haja ya kuiona gololi ikikimbia. Anaweza kuweka dau mapema kama wengine. Kesho tufunge dau kabla ya kurusha. Mchezeshaji aseme 'limefungwa', ndipo arushe. Mzee akishindwa hapo, basi alikuwa anasoma gololi, si kidole."

Meneja aliweka kalamu chini. "Na mzee akiendelea kushinda?"

"Mtamwita askari. Mimi mwenyewe nitamfungulia mlango."

Akashuka ngazi. Alikuwa ameiachia gololi iamue kama ana ndugu au hana.

Kesho yake Meneja alikuja chumba cha kamera na kiti chake mwenyewe. Chini, msimamizi wa meza alimnong'oneza Kitinda amri mpya, naye akaitikia bila kuuliza. Mwenye Duka alikuwepo, akiwa amevaa shati la bahati. Mzee wa Maji alikuja, akatundika mwavuli wake kwenye kiti, akaletewa glasi yake.

Kidole kiligonga mara tatu. "Wekeni dau."

Mwenye Duka akaweka. Mzee akangoja.

"Dau limefungwa," Kitinda alisema, ndipo akarusha.

Mkono wa mzee, uliokwisha kutoka ndani ya koti, ulibaki hewani, kisha ukarudi ulikotoka. Gololi ikakimbia, ikachoka, ikaanguka. Kidole kikagonga tena. Dau, kufunga, kurusha. Mzee akakaa. Mzunguko baada ya mzunguko alikaa kama abiria aliyekuta gari limeondoka, akiitazama barabara tu.

"Ameshtuka," Meneja alisema.

Hapo ndipo mzee alipochukua chipu, akazihesabu kwa kidole gumba, na kuziweka mezani, mapema, kabla ya kufungwa kwa dau: sifuri na jirani zake. Kidole kilikuwa kimegonga mara nne. Dada Macho aliiona gololi ikitoka mkononi mwa mdogo wake, akajikuta anaiomba, kipande cha chuma kisichozidi punje ya njegere, kwamba iende mbali, iende popote pengine. Ilizunguka kana kwamba haina haraka ya kwenda kwao. Ikashuka. Ikagonga, ikaruka, ikatulia ng'ambo kabisa ya gurudumu.

Mzee wa Maji alimaliza maji yake, akachukua mwavuli.

"Nenda kamsindikize," Meneja alisema. "Mwambie kwa adabu kwamba ruleti yetu imechoka kumwona. Kadi akitaka, karibu."

Alimkuta mlangoni, mahali ambapo zulia linaishia na vigae vinaanza. Alipomwambia, mzee hakubisha. Alionekana kama mtu aliyeambiwa hivyo katika milango mingi.

"Shikamoo," Dada Macho alikuwa amemwamkia kwanza, kwa mazoea, na sasa ndipo mzee akaitikia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye dada yake. Mna paji la uso moja." Alifungua mwavuli nusu, akaufunga. "Sikuiba kitu. Nilitazama tu, kama wewe unavyotazama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Mkono. Wachezeshaji wengi wanarusha kama wanavyoamka: leo vile, kesho hivi. Yule kijana anagonga kidogo, anavuta pumzi, na kila kitu ndani yake kinatulia. Gurudumu kwa mwendo ule ule, gololi kwa nguvu ile ile. Na nyinyi mnawafundisha waiokote gololi palepale ilipoangukia na kuirusha kutoka hapo. Basi mtu mwenye subira anaona itakapochokea. Si namba. Ni mtaa tu."

"Na mkahawani ulimwambia nini?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Kumbe ulikuwepo. Nilimwambia ana mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, na asikubali mtu ambadilishe. Ni kweli. Na ilinifaa pia kumwambia." Alitabasamu bila kuonyesha meno. "Nilimtazama muda mrefu, nikamwamini. Riziki yangu yote niliiweka juu ya uaminifu wake. Wewe ulimtazama ukaona nini?"

Akatoka. Dada Macho alibaki kwenye vigae, bila kujua kama aliyemwuliza alikuwa mtu mwema au mjanja aliyezoea kuacha mwiba nyuma yake.

Alipopanda, Kitinda alikuwa tayari ofisini, amesimama mbele ya meza ya Meneja, kizibao kikiwa kimefunguliwa kifungo kimoja.

"Nauliza tena," Meneja alikuwa akisema. "Mzee tumemwelewa, alikuwa anausoma mkono wako unavyorusha. Kidole sijakielewa. Ulikuwa unagonga kwa ajili ya nani?"

Kitinda alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mkono wake wa kushoto ulianza kutafuta paja, ukakumbuka kwamba ndio unaoshtakiwa, ukajificha nyuma ya mgongo. Akajaribu tena. Shingo ilikaza, kope zikapiga. Meneja alisubiri, na kila alivyosubiri uso wake ulizidi kuwa mgumu. Ukimya ule ulikuwa unakomaa na kuwa hatia mbele ya macho yao.

"Meneja, naomba nimsemee..." Dada Macho alianza.

Kitinda aliinua kiganja kumzuia. Alimtazama dada yake, kisha skrini ndogo ya ofisini iliyosimamishwa kwenye picha ya kidole chake mwenyewe, kisha dada yake tena. Alikuwa ameelewa nani alikuwa akiitazama picha ile wiki nzima, huku akimpakulia wali.

Akautoa mkono nyuma ya mgongo, akauweka wazi juu ya meza ya Meneja. Akagonga. Moja, mbili, tatu.

"Nina kigugumizi," alisema. "Tangu mtoto. Nikigonga, na-napita. Sikugonga kwa ajili ya mtu. Niligonga ili niseme." Akavuta pumzi. "Chai nilikunywa naye. Nilijua ni kosa. Alinisifu mkono. Hakuna mtu a-aliyewahi kunisifu kitu ambacho nakifanya mbele za watu."

Meneja alivua miwani, akaivaa.

"Kwa hiyo ukigonga, unatulia," alisema taratibu, "na ukitulia, mkono unakuwa mmoja, na mkono ukiwa mmoja, mimi nafilisika."

"Ndiyo, Meneja."

"Na usipogonga?"

Kitinda alitafakari. "Nisipogonga, ni k-kila kitu. Ulimi, pumzi, hata mkono. Vyote vi-vinajikwaa."

Meneja aliegemea kiti. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega yote. "Miaka yote nalipa watu wafundishe vijana mkono usiotabirika," alisema, "kumbe ninaye, nimemwacha ajifiche. Kijana, chai ya mkahawani nakukata mshahara, hiyo haina mjadala. Kesho urudi mezani. Kidole ukiache nyumbani."

"Na sauti?" Dada Macho aliuliza. "Ulisema mchezeshaji anauza sauti."

"Nilisema mengi siku ile. Namba ikichelewa kutajwa, inabadilika?"

Walirudi nyumbani kwa miguu, mpaka kwenye ngazi za nyuma. Kitinda alikaa, akaanza kuvua viatu vyake vipya kama mtu anayevua kitu cha kuazima.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungenijibu?"

"Ni-ningechelewa. Lakini ningejibu."

Dada Macho alikaa ngazi ya chini yake. Alitaka kueleza habari za Meneja na askari, za mapigo manne na gololi iliyoanguka karibu na sifuri, za mtandio na baiskeli. Alipoyapanga kichwani yote yalikuwa ya kweli na hakuna lililomfaa. "Nilikuona mkahawani," alisema mwishowe. "Nikaamini vibaya. Kwa haraka sana, mdogo wangu. Hata mimi nilijishangaa."

Kitinda akamsukuma bega kwa goti, si kwa upole wote, si kwa hasira yote. "Kesho usinitazame," alisema.

Mchana uliofuata, Meneja hakuja na kiti chake. Dada Macho alikuwa peke yake na feni. Kwenye skrini ya kati mdogo wake alisimama, mikono yote miwili ikiwa mbali na ukingo wa mbao. Alifungua kinywa, na sauti ya meza ikamfikia juu kwa shida: "We-we-wekeni dau."

Gololi ilitoka mkononi mwake kwa uvivu, ikazunguka kidogo, ikaanguka. Mara ya pili ilitoka kama imefukuzwa, ikapiga kelele ukingoni mpaka Mwenye Duka akarudi nyuma. Kigugumizi kilikuwa kimeshuka mpaka mkononi.

"Ish... ish..." Kitinda alisema, akiangalia kijishimo.

"Kijana," Mwenye Duka alisema, "leo umeme umekatika kinywani?"

Meza ikacheka. Dada Macho alishika ukingo wa kiti chake. Kidole cha mdogo wake kiliinuka kidogo kutoka kwenye pindo la kizibao, kikasita, kikashuka bila kugusa kitu.

"Na-namba haikimbii, mzee wangu," Kitinda alisema. "Ngoja nikuletee. Ishirini na sita. Nyeusi."

"Haya, tunangoja," Mwenye Duka alisema, akivuta chipu zake kwa kuwa kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa ameshinda. "Wewe taja hata kwa wiki nzima, mradi utaje hivyo hivyo."

Pembeni mwa meza kiti cha Mzee wa Maji kilikuwa kitupu, na mhudumu alikuwa ameanza kutundika hapo kitambaa chake cha kufutia. Dada Macho alikitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono kwenye vibonye, akaiondoa kamera ya kati kwenye skrini kubwa, na kuweka meza ya kadi mahali pake.